Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Alute

Alute hakuzaliwa kwenye ng'ombe, na maisha yake yote aliyaendesha ili watu wasahau jambo hilo. Kijijini kwao, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mkiwa, mtu asiye na ng'ombe hana samadi, na asiye na samadi hana shamba. Anacho kichanga chekundu anachokichokoa kila mwaka na kukipandia uwele, na uwele wenyewe unamtokea mwembamba kama nywele za mgonjwa. Mama yake Alute alikuwa akizunguka na kikapu kwenye mazizi ya watu kuomba samadi. Wenye mazizi walimpa ile ya pembeni, iliyokwisha kunyeshewa na kupoteza nguvu, naye akashukuru.

Alute akiwa mtoto alimfuata nyuma. Aliona mama yake anavyosimama kwenye mlango wa zizi, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, akichekacheka bila kuwapo cha kuchekesha. Kicheko kile hakukisamehe mpaka mama anakufa, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekula uwele wake. Watoto wana ukatili wao, na wengine wanazeeka nao.

Alipooa, alimwoa Elina, binti mtulivu aliyesoma kidogo misheni, mwenye macho ya kuona mbali na mdomo usiopenda kelele. Walipata mtoto wa kiume, Urbano, wakakaa miaka mingi bila kupata mwingine aliyeishi. Alute akawa anafanya vibarua, anakandika mapaa ya tembe za watu na kupalilia mashamba ya watu, sawasawa na baba yake. Angeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1936 akakutana na Filipo.

Filipo alikaa upande wa Utemini, karibu na boma la Singida, na alikuwa na ng'ombe wengi kuliko alivyopenda watu wajue. Ndugu zake walikuwa wepesi wa kuomba, na serikali ya Mwingereza ilikuwa nyepesi ya kuhesabu. Akafanya walivyofanya wenye mali wa nchi ile tangu zamani: akawatawanya ng'ombe wake, wanne huku, sita kule, kwa watu wa mbali wasiojulikana na jirani zake. Masharti yalijulikana. Anayetunza anakunywa maziwa na anachukua samadi. Ndama ni wa mwenyewe, ila baada ya miaka kadhaa mtunzaji hupewa mtamba mmoja kwa jasho lake. Na pande zote mbili zinanyamaza. Mwenye mali hasemi iliko mali yake, mtunzaji hasemi ya nani.

Ng'ombe wanne wakaingia zizini kwa Alute asubuhi moja, na kwa miaka kumi na miwili wakazaana wakawa kumi na mmoja. Shamba lake likabadilika. Uwele ukasimama, masuke yakajaa, na Elina akawa na maziwa ya kumgawia jirani. Watu wakaanza kusema Alute ametajirika. Sasa, tuwe wa haki: hakuna siku hata moja aliyofungua kinywa chake akasema ng'ombe hawa ni wangu. Aliwaacha tu watu waseme, akatazama chini kama mtu mwenye adabu.

Kwenye baraza la jumbe, wenye ng'ombe walikaa kwenye vigoda vyao, migongo ikiegemea ukuta. Wasio nao walichuchumaa mbele yao kwenye vumbi, jua likiwapiga kisogoni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja. Siku moja jumbe Melkiori, mtu mzima wa watu na mwenye ng'ombe arobaini wa halali yake, alimwona Alute amechuchumaa, akamwambia asogee ukutani. Wiki ile ile Alute alichonga kigoda cha mninga. Alikipaka mafuta mpaka kikang'aa, akawa anakibeba kwenda barazani kwapani. Elina aliwahi kumwambia kwamba anakitunza kile kigoda kuliko anavyomtunza mwanawe. Alicheka, lakini hakukanusha.

Jirani yao wa karibu alikuwa Paulo, mtu wa vibarua, mwenye watoto watano na mbuzi mmoja. Alute alimpa kazi ya kupalilia na kumlipa uwele kwa kipimo kidogo na maneno kwa kipimo kikubwa. Alimwambia uvivu wake ndio uliomfanya hivyo. Alimkaripia akichelewa, alimkaripia akiwahi. Mtu aliyezaliwa na mali angemvumilia Paulo bila shida. Alute hakuweza, maana kila alipomwona Paulo amesimama mlangoni mwa zizi, alimwona mama yake.

Mwaka 1948, baada ya mavuno, bwana shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alileta neno kupitia kwa jumbe. Mvua zilikuwa zimeanza kukatakata, na serikali ilitaka kila kijiji kiamue chenyewe kama kitajenga ghala la njaa. Mpango ulikuwa mwepesi. Kila mwenye ng'ombe atatoa debe moja la uwele kwa kila ng'ombe wake watatu. Asiyefikisha ng'ombe watatu hatatoa kitu, na mvua zikikosekana, yeye na watoto wake ndio watakaofunguliwa ghala kwanza. Ila kila mtu aseme mbele ya baraza ng'ombe alionao ni wa nani. Anayetunza wa mwingine amtaje mwenyewe, na debe litadaiwa kule kwa mwenyewe.

Melkiori aliutaka mpango ule. Alikuwa na mengi ya kutoa na hakuwa na la kuficha. Aliwaambia wazi kwamba amewahi kuona njaa ikipita nchi hii na hatamani kuiona tena.

Asubuhi ya baraza Elina alimkalisha mumewe chini. Urbano alikuwa ameshakwenda zake manamba kwenye mkonge wa Tanga, na kwa miaka miwili hawakupata barua. Nyumbani alibaki Esta, mtoto wa uzeeni, wa miaka mitatu, aliyekuja wakati Elina ameshakata tamaa. Elina alisema uwele waliouvuna utafika mwezi wa pili, ukibanwa sana utafika wa tatu. Alisema mpango wa ghala ni kama umetungwa kwa ajili yao.

"Sema ukweli, baba Urbano," alimwambia. "Sema ni wa Filipo. Hutatoa hata punje, na mtoto atakula."

Alute alisema amesikia. Akachukua kigoda chake akaenda.

Huenda alipotoka nyumbani alikuwa na nia ya kusema. Mimi naamini alikuwa nayo. Lakini barazani alikuta wanaume sitini na ushei, walewale ukutani, walewale vumbini, na Paulo amechuchumaa mbele kabisa, usoni mwake kuna tumaini waziwazi. Alute alilitazama lile tumaini. Akajiona ameinuka kwenye kigoda, ameshika mguu wa kigoda mkononi, anavuka wanaume wote wale kwenda kuchuchumaa ubavuni mwa Paulo. Na Paulo anamsogelea kidogo kumpa nafasi. Hapo moyo wake ukakataa katakata.

Aliomba kusema. Akamwamkia jumbe shikamoo, akawaamkia wazee, ndipo akasema kwa sauti ya upole.

"Uwele wangu nimeulima kwa samadi niliyoibeba mgongoni. Nikiutia ghalani, atakuja kuula aliyelala wakati mimi nabeba. Hilo la kwanza. La pili, tangu lini mtu mzima akaulizwa mbele ya watu ng'ombe wake ni wa nani? Hiyo ni aibu, na sisi hatujazoea kuletewa aibu nyumbani."

Lile la kwanza halikuwagusa wengi. Lile la pili lilipita ukutani kote, vichwa vikatikisika kimoja baada ya kingine. Alute alidhani amewashinda kwa ufundi wa kusema. Hakujua, na hakuna aliyejua siku ile, kwamba karibu kila aliyetikisa kichwa alikuwa na siri yake zizini. Simoni, aliyekaa kigoda cha pili yake, alitunza ng'ombe saba wa mtu wa Misigiri na hakuwa na wa kwake hata mmoja. Wengine vivyo hivyo. Walikaa pale migongo ukutani, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Melkiori akasema wanaotaka ghala wasimame upande wa barabara, wasiotaka wabaki ukutani. Waliovuka walikuwa ishirini na watatu: Paulo na wenzake wa vumbini, na wenye ng'ombe halisi watatu wanne waliomfuata jumbe. Thelathini na wanane walibaki ukutani. Ukiwaondoa wenye ng'ombe wa kwao wenyewe, ambao hawakuzidi saba, waliobaki wote walikuwa watu ambao ghala lile lingewalisha. Melkiori akamwambia karani aandike kwamba kijiji kimekataa.

Alute alirudi nyumbani amechangamka. Alimsimulia Elina jinsi alivyosema na jinsi wazee walivyompongeza. Elina alikuwa anatwanga na hakusimamisha mchi.

"Umewasemea akina nani?" aliuliza.

"Wenye ng'ombe."

"Na sisi je?"

Alute hakupenda swali hilo, akatoka kwenda kuangalia zizi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja mara mbili zikaondoka. Uwele ulichipua, ukainama, ukalala. Kufika mwezi wa pili malambo yalikuwa matope yaliyopasuka, na ulikuwa unawasikia ng'ombe wakilia kiu tangu asubuhi. Ndipo Filipo alipokuja, na wanaume wawili wa kumsaidia kuswaga. Alikaribishwa kwa heshima, akapewa maji na maziwa machache yaliyobaki. Alisema kwa huruma kabisa kwamba na kwake hali ni mbaya, anawakusanya ng'ombe wake popote walipo, wenye nguvu awaswage kwenye maji na wengine awauze kabla hawajafa.

Alute alimkumbusha juu ya mtamba. Miaka kumi na miwili imepita, alisema, na desturi anaijua. Filipo akasema mvua zikirudi watazungumza. Sasa, Alute alikuwa na haki yake pale, na mahali pa kuidai palikuwa barazani kwa Melkiori, ambaye angeiamua kwa dakika chache. Lakini kudai mtamba mmoja ilikuwa ni kukiri wale kumi. Akaliacha. Aliwafungua ng'ombe mwenyewe kwa mkono wake, akasimama akiwatazama wanavyokwenda mpaka vumbi lao likatulia. Jirani walipouliza, alisema amewapeleka malishoni upande wa mbugani, kwa rafiki yake.

Jirani hawakuuliza sana. Mwezi ule mazizi mengi ya kijiji kile yalibaki matupu, na kila mwenye zizi tupu alikuwa na rafiki yake upande wa mbugani.

Uwele uliisha mwezi wa tatu, kama Elina alivyosema. Wakala mlenda wa kukausha, wakala mizizi, wakachemsha ngozi ya kulalia iliyochakaa. Elina aliuza khanga zake, kisha jembe. Kigoda hakikununuliwa na mtu. Esta aliacha kucheza, kisha akaacha kulia, miguu ikaanza kumvimba. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, na sasa alikuwa anawatazama tu wazazi wake wanavyopita.

Mwezi wa tano ikasikika kwamba lori la serikali limeshusha mahindi Mkiwa. Mwenye ng'ombe hapewi: auze, anunue. Asiye na ng'ombe anapewa bure, kwa idadi ya vichwa vya nyumbani kwake. Paulo alikwenda siku ya kwanza, akarudi na mahindi. Jioni alikuja kwa Alute, akasimama nje ya mlango kama kawaida yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba kule Mkiwa hawasumbui mtu. Unataja jina, unasema huna, basi. Alileta na unga kwenye kibuyu, umefunikwa na jani. Alute alimshukuru, akasema wao bado wanacho. Paulo akabaki ameshika kibuyu chake, hajui akiweke au aondoke nacho. Alipogeuka, Elina alimfuata nyuma ya nyumba akakipokea. Uji ule ulimkalisha Esta siku tatu, na Alute alijifanya hajui umetoka wapi.

Siku ya nne Alute mwenyewe akachukua gunia akaenda Mkiwa. Alikuwa ameamua. Njiani aliyarudia yale maneno mawili, sina ng'ombe, sina ng'ombe, mpaka yakamwia mepesi mdomoni. Alipofika alikuta mstari mrefu, na ndani yake nyuso za kijijini kwake. Simoni alikuwa nyuma yake hasa, gunia tupu limekunjwa kwapani. Wakaamkiana vizuri, wakauliziana hali za nyumbani, kila mmoja akasema ni nzuri.

Mezani alikaa karani, kijana wa mjini, na pembeni yake Melkiori, aliyewekwa pale ili awashuhudie watu wake.

"Jina?"

"Alute."

"Ng'ombe?"

Alute alimtazama Melkiori. Mzee yule ndiye aliyemwambia asogee ukutani. Nyuma yake alimsikia Simoni anapumua.

"Kumi na mmoja," alisema.

"Wako wapi?"

"Malishoni. Mbugani."

"Basi uza mmoja, mzee wangu, ununue chakula. Haya ni ya wasio nacho. Anayefuata."

Melkiori alijua. Alikuwa amewaona ng'ombe wale wakipita kwenda Utemini, na alimjua aliyewaswaga. Kinywa chake kilifunguka kidogo kisha kikafungika. Kumvua nguo mtu mzima mbele ya watu ni jambo gumu, na Melkiori alikuwa mtu mwenye heshima. Heshima yake ile siku ile ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Simoni akasogea mezani. Alipoulizwa, alijibu saba, akakunja gunia lake upya akalirudisha kwapani. Wawili hao wakarudi kijijini pamoja, wakizungumza njia nzima juu ya malisho ya mbugani, kwamba mwaka huu si mabaya sana.

Elina aliliona gunia tupu, akalichukua akalikunja. Asubuhi, Alute alipoamka, mkewe na gunia hawakuwapo. Alielewa mara moja, na kitu cha kwanza kilichomjia ni kukimbia amrudishe. Akafika mpaka njia panda. Lakini Esta alikuwa peke yake ndani, akarudi.

Alimpa mtoto maji kwa kijiko. Ya kwanza yalishuka, ya pili yakatoka pembeni ya mdomo. Akamweka mapajani, akamwambia mama anakuja, analeta mahindi. Akamtajia chakula kimoja kimoja watakachopika, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia Urbano. Mtoto alimwangalia kwa makini. Alikuwa mwepesi mno, kama kapu lililomwagwa. Jua lilipokaribia utosini Alute alitambua kwamba kwa muda sasa anazungumza peke yake. Alimlaza vizuri, akamfunika mpaka mabegani kama mtu aliyelala, akatoka akaketi kizingitini.

Hapo ndipo alipomwona Elina anakuja. Gunia lilikuwa kichwani, si kubwa, lakini lilikuwa na uzito, na alitembea haraka kuliko mwanamke mwenye njaa anavyoweza kutembea. Alute alikuwa na jambo moja tu la kumwambia. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Alipofungua mdomo, likatoka jingine.

"Ulimwambia karani nini?"

"Nilimwambia hatuna ng'ombe," Elina alisema. "Nilimwambia hatujawahi kuwa nao."

"Mbele ya nani?"

Elina alikuwa anahema. Alimtajia, kwa uvumilivu, kama mtu anayelipa ushuru ili apite. Alikuwapo jumbe. Alikuwapo mke wa Paulo. Alikuwapo mke wa Simoni, nyuma yake, na yule aliposikia Elina amesema hatuna, naye akasema hatuna, na wa nyuma yake hivyo hivyo, mpaka karani akaacha kuuliza.

"Wakacheka?" Alute aliuliza.

"Nani acheke," alisema Elina. "Mtoto amelala?"

Alute alisogea kidogo kumpisha. Elina akashusha gunia, akateka mahindi viganja viwili, akampita mumewe pale kizingitini, akaingia ndani kumwamsha Esta amwonyeshe.